BOMBA LIKIVUJA KWENYE KIUNGO: TUFANYE NINI?



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya chandarua, chanjo na kunawa mikono. Leo tutazungumza juu ya spana na tepi. Huenda wengine watauliza: mhudumu wa afya na kazi ya mafundi wa bomba, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Tunapopita nyumba kwa nyumba na kukuta watoto wanaharisha, swali la kwanza tunalouliza ni hili: maji mnachota wapi? Mara nyingi tunaonyeshwa bomba la pamoja ambalo limezungukwa na tope, kiungo chake kimefungwa kitambaa na mfuko wa plastiki, na maji yanachuruzika mchana kutwa. Watu wamelizoea. Wanaruka tope, wanachota, wanaondoka.

Makala haya yanaeleza kwa nini kiungo kinachovuja ni jambo la afya, namna ya kujua kinavuja wapi, mambo ambayo mkazi yeyote anaweza kufanya kabla fundi hajafika, na namna kazi yenyewe inavyofanywa ili idumu. Kwa wale wenye koki ya maji uani, au watakaokwenda kuishi mahali penye maji ya bomba ndani ya nyumba, hatua ni zile zile.

KUVUJA SI KUPOTEZA MAJI TU

Watu wengi wanafikiri hivi: maji yanatoka nje, kwa hiyo uchafu hauwezi kuingia ndani. Hilo ni kweli wakati bomba limejaa maji yenye nguvu. Lakini katika kambi nyingi maji hayatoki saa 24. Kuna saa za kufunguliwa na saa za kufungwa.

Maji yanapofungwa, yale yaliyobaki ndani ya bomba yanaendelea kuteremka kuelekea sehemu za chini. Yakiteremka, kule juu panabaki utupu, na utupu unavuta. Fikiria mtoto anayekunywa soda kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu ubavuni, mtoto akivuta anapata hewa. Sasa chukua mrija huo, lizamishe lile tundu katika dimbwi la tope, halafu avute. Atapata nini? Ndivyo inavyokuwa kwa bomba lenye kiungo kinachovuja kilichozama kwenye dimbwi. Mchana linatoa maji safi nje, na maji yakifungwa linaweza kuvuta maji machafu ndani. Asubuhi yake mtu wa kwanza kufungua koki anachota yote pamoja.

Dimbwi lenyewe lina nini? Kuna matope ya miguu yetu, mavi ya kuku na mbuzi wanaokuja kunywa, na wakati mwingine choo cha watoto kilichosombwa na mvua. Ni kweli kwamba maji yetu hutiwa klorini kabla ya kuletwa. Lakini klorini inayotakiwa kubaki mpaka kwenye koki ni kidogo sana, kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa kila lita. Kiasi hicho kinatosha kulinda maji yaliyo safi. Tope likiingia, klorini hiyo inaishia kupambana na tope, na vijidudu vinabaki.

Tena kuna malaria. Mbu anayeeneza malaria hupenda kutaga mayai katika maji yaliyotuama yanayopata jua, hata kama ni kidimbwi kidogo tu. Kuanzia yai mpaka mbu anayeruka huchukua kama wiki moja mpaka mbili. Kwa hiyo dimbwi linalolishwa na bomba linalovuja halikauki hata wakati wa kiangazi, na mbu wanazaliana mwaka mzima karibu na nyumba zetu.

Sisi wakimbizi tunajua maji machafu yanaweza kufanya nini. Mwezi Julai 1994, kipindupindu kiliingia katika kambi za Goma. Pamoja na kuharisha damu, kiliua watu wengi mno: katika mwezi wa kwanza tu wakimbizi wapatao 50,000 walikufa. Hapa Uganda, mwezi Februari 2018, kipindupindu kiliwapata ndugu zetu waliokuwa wamevuka Ziwa Albert na kupokelewa katika kambi ya Kyangwali. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, na makumi wakapoteza maisha. Magonjwa hayo hayakuletwa na koki moja iliyovuja. Lakini kijidudu cha kipindupindu kikishafika, kila mahali ambapo uchafu unakutana na maji ya kunywa panakuwa mlango wake. Kiungo kinachovuja ndani ya dimbwi ni mlango mmojawapo ambao tunaweza kuufunga wenyewe.

TUPIME: TUNAPOTEZA KIASI GANI?

Kiwango cha kimataifa cha Sphere kinachofuatwa katika kambi kinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, koki moja isihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asisubiri kwenye foleni zaidi ya dakika 30. Tukumbuke hesabu hiyo tunapotazama matone.

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza kama lita 20 kwa siku nzima. Hiyo ni jerikani moja, au bidoni moja kama wengi wetu tunavyosema. Tone tunalolidharau limekunywa maji ya mtu mmoja ya siku nzima, na zaidi.

Kiungo kinachochuruzika ni kibaya kuliko tone. Unaweza kupima mwenyewe. Chukua kikombe cha nusu lita, kikinge chini ya panapovuja, tazama saa. Tuseme kimejaa kwa dakika 5. Maana yake kwa saa moja ni lita 6. Kama maji hufunguliwa saa 8 kwa siku, ni lita 48, yaani jerikani mbili na zaidi. Kwa mwezi mmoja ni lita 1,440, yaani jerikani 72. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, uipeleke kwa kamati ya maji. Ukisema "bomba linavuja", utaambiwa mengi yanavuja. Ukisema "bomba letu linapoteza jerikani 72 kwa mwezi", watu watakusikiliza.

KWANZA TUJUE LINAVUJA WAPI

Koki, ambayo wenzetu wengine wanaiita robine, inaweza kuvuja mahali patatu, na kila mahali pana dawa yake. Usikimbilie spana. Futa koki na bomba kwa kitambaa kikavu, kisha tazama kwa makini unyevu unaanzia wapi. Maji hupenda kufuata bomba na kudondoka mbali na mahali yalipotokea.

1. Yanadondoka mdomoni mwa koki ingawa imefungwa. Hapo tatizo ni washa, yaani kile kiringo cha mpira kilicho ndani ya koki. Kimechakaa au kimekatika. Kukaza mkono wa koki kwa nguvu hakusaidii, kunaumiza washa zaidi. Dawa yake ni kubadilisha washa.

2. Yanatoka shingoni, chini ya mkono wa koki, wakati imefunguliwa. Hapo kuna nati ndogo na kifungashio ndani yake. Mara nyingi kuikaza nati hiyo kidogo, robo mzunguko tu, kunatosha. Ikishindikana, kifungashio kibadilishwe.

3. Yanatoka pale koki inapoingia kwenye bomba, au pale bomba na bomba yanapokutana. Hicho ndicho kiungo, na ndicho tunachokizungumzia leo.

Kuna na la nne: bomba lenyewe limepasuka au limeoza kwa kutu. Hilo si la kiungo. Bomba la namna hiyo hukatwa na kuwekwa kipande kipya, na ni kazi ya fundi peke yake.

KWA NINI KIUNGO HUVUJA?

Bomba la chuma limechongwa uzi kwenye ncha yake, kama uzi wa parafujo. Koki nayo ina uzi. Uzi mmoja unaingia ndani ya mwingine. Lakini hata ukikazwa vipi, chuma na chuma huacha njia ndogo ndogo katikati, na maji ni mwembamba wa kupita. Ndiyo maana fundi huzungusha tepi nyeupe laini juu ya uzi kabla ya kuunganisha. Mafundi wanaiita tredi tepi. Haina gundi. Kazi yake ni kujaza zile njia ndogo. Zamani zilitumika nyuzi za katani, na mafundi wengine bado wanazitumia.

Kiungo kilichofungwa vizuri kinaweza kukaa miaka mingi. Kinachokiharibu mapema ni sisi watumiaji na haraka ya ufundi:

- Watu wanatundika jerikani yenye maji kwenye koki. Lita 20 ni kilo 20. Uzito huo unavuta uzi chini kila siku.
- Watoto wanabembea kwenye bomba.
- Koki ikiwa ngumu, mtu anaishika mwili mzima na kuisokota badala ya kushika mkono wake.
- Bomba linalosimama halikushikiliwa vizuri na saruji wala nguzo, kwa hiyo linatikisika.
- Tepi ilizungushwa mara mbili tu ili kubana matumizi, au ilizungushwa kinyume.
- Uzi umeliwa na kutu kwa sababu kiungo kimekaa ndani ya tope miezi mingi.

KABLA FUNDI HAJAFIKA

Mambo haya yanaweza kufanywa na mkazi yeyote, mwanamke au mwanamume, bila ujuzi wa ufundi.

Mpe taarifa mtunza bomba au mjumbe wa kamati ya maji siku hiyo hiyo. Mweleze ni bomba lipi, linavuja sehemu gani kati ya zile tulizotaja, na umepima kiasi gani. Usiseme "nilidhani mwingine ameshasema". Kila mmoja akidhani hivyo, wiki inapita.

Ondoeni dimbwi. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika sehemu hii. Kwa jembe, chimbeni mfereji mdogo kutoka kwenye bomba kuelekea mteremko, maji yaende mbali na njia na nyumba, hasa kwenye bustani ya mboga au migomba. Kiungo kikivuja juu ya ardhi kavu, hakiwezi kuvuta tope. Msichimbe kwa nguvu karibu na bomba, kwani chini kuna mabomba ya plastiki.

Ondoeni kitambaa na mfuko wa plastiki. Najua vimefungwa kwa nia njema. Lakini kitambaa hakizuii maji, kinayanyonya. Kinakaa kibichi, kinaota ukungu, na uchafu wake unakaa mdomoni mwa tundu lile lile linalovuta.

Kama kiungo kinachuruzika sana na fundi atachelewa, mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli unasaidia. Funga maji kwanza. Osha bomba na mpira kwa maji safi na sabuni, uvikaushe. Kata utepe mrefu wenye upana wa vidole viwili. Anza kufunga upana wa vidole vinne kabla ya panapovuja, ukiuvuta kwa nguvu ili unyooke, kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia, mpaka upite panapovuja kwa upana huo huo. Rudi tena juu yake, kisha funga kwa kamba. Hiyo ni huduma ya kwanza, kama vile bandeji. Bandeji si tiba. Usiutumie mpira huo kwenye kiungo kilichozikwa ardhini, na usiuache miezi.

Msipake rangi ya mlango, grisi ya baiskeli wala lami kwenye kiungo cha maji ya kunywa. Vitu hivyo vinaingia kwenye maji na vingine ni sumu.

NAMNA KIUNGO KINAVYOFUNGWA

Hatua hizi hufanywa na fundi wa maji au mjumbe wa kamati aliyefundishwa. Tunazieleza kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wengi wanapenda kujifunza kazi hii, nayo ni kazi inayolisha. Pili, mwenye kujua hatua anaweza kutazama na kuuliza pale moja inaporukwa.

Vifaa vinavyohitajika: spana mbili za bomba, tepi, brashi ya waya, kitambaa safi, sabuni, na koki au kiungo kipya kama cha zamani kimepasuka.

Hatua ya 1. Watangazie watu waliopo kwenye foleni. Wape nafasi wachote maji ya kupikia, kisha funga valvu ya njia hiyo. Funga polepole. Valvu ikifungwa ghafla, maji yaliyokuwa yakikimbia yanagonga bomba kwa nguvu na yanaweza kufungua kiungo kingine.

Hatua ya 2. Fungua koki maji yaliyobaki yatoke. Lakini kabla ya hapo hakikisha dimbwi limekwisha kuondolewa. Nguvu ya maji ikiisha, hakuna kinachozuia tope kuingia.

Hatua ya 3. Nawa mikono kwa sabuni. Osha spana. Unakwenda kushika sehemu ya ndani ya bomba ambayo watu 200 watakunywa kupitia kwake.

Hatua ya 4. Tumia spana mbili. Ya kwanza inashika bomba lisizunguke, ya pili inafungua koki kwa kuizungusha kushoto. Ukitumia moja tu, bomba zima linazunguka, na kiungo kilichoko chini ya saruji kinalegea. Hapo utakuwa umeziba tundu moja na kufungua lingine usiloliona.

Hatua ya 5. Safisha uzi wote kwa brashi. Toa tepi yote ya zamani, usizungushe mpya juu ya kuukuu. Kagua. Kama uzi umeliwa na kutu mpaka umelainika, au kuna ufa, tepi haitasaidia hata uzungushe mara 50. Kibadilishwe.

Hatua ya 6. Zungusha tepi. Elekeza ncha ya uzi usoni pako, kisha zungusha kufuata mwendo wa mshale wa saa. Ukizungusha kinyume, tepi itajikunja na kutoka wakati wa kukaza. Acha mzunguko wa kwanza wa uzi kwenye ncha bila tepi, ili vipande visiingie ndani na kuziba koki. Ivute tepi ikae kwenye mabonde ya uzi. Kwa tepi nyembamba za kawaida, mizunguko 6 mpaka 10 inafaa. Mwishoni ibonyeze kwa kidole ilale.

Hatua ya 7. Anza kuunganisha kwa mkono. Koki iingie kwa ulaini mizunguko miwili au mitatu. Ikikataa tangu mwanzo, uzi umepandana. Toa, uanze tena, usilazimishe kwa spana. Mkono ukifika mwisho, kaza kwa spana, mzunguko mmoja au miwili hivi, mpaka mdomo wa koki utazame chini. Usikaze kupita kiasi, kwani koki hupasuka. Ukipitiliza kidogo usirudishe nyuma. Tepi iliyorudishwa nyuma imeshakatika, na kiungo kitavuja. Fungua, uweke tepi mpya.

Hatua ya 8. Fungua valvu polepole huku koki ikiwa wazi, hewa itoke. Acha maji yatiririke mpaka yawe meupe, bila tope wala kutu. Jerikani ya kwanza na ya pili zitumike kufulia au kumwagilia mboga, zisinywewe. Kisha funga koki, futa kiungo kwa kitambaa kikavu, subiri dakika 15, pitisha karatasi kavu kukizunguka. Karatasi ikilowa, kazi haijaisha. Rudini kutazama kesho yake.

Kama kiungo kilikuwa kimezama kwenye tope, fundi amwombe msimamizi wa maji apime klorini kwenye koki hiyo kabla watu hawajarudi kunywa. Mpaka hapo, maji yachemshwe mpaka yatokote kabisa, au yatiwe kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

KULINDA KAZI ILIYOFANYIKA

Bomba lililotengenezwa leo linaweza kuvuja tena baada ya wiki tatu kama matumizi ni yale yale. Jerikani ikae juu ya jiwe au saruji, isitundikwe. Koki ngumu ipelekewe taarifa, isisokotwe. Bomba linalotikisika lifungwe kwenye nguzo imara.

Tunashauri kila kamati iwe na daftari moja la bomba, lenye mistari mitatu tu: tarehe iliyoonekana kuvuja, tarehe fundi alipoambiwa, tarehe lilipotengenezwa. Daftari hilo halimkosoi mtu. Linaonyesha ni bomba lipi linaharibika mara kwa mara, na hilo huenda halihitaji tepi bali kujengwa upya. Spana na tepi zitunzwe na watu wawili, ili mmoja akisafiri kazi isisimame. Na kwa kuwa wachotaji wakubwa wa maji ni akina mama na wasichana, wawemo kati ya wale wanaofundishwa. Kuna dada katika kijiji tunachokihudumia ambaye hubadilisha washa kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kumtafuta kijana aliyekwenda kucheza mpira.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Baba mmoja mzee aliniuliza: "Mwanangu, bomba si letu, ni la shirika. Kwa nini tuhangaike?"
Baba, ni kweli bomba limejengwa kwa msaada, na matengenezo makubwa ni ya wenye mradi. Lakini anayekunywa maji yake ni mjukuu wako. Kuondoa dimbwi na kupeleka taarifa hakuhitaji fedha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama mmoja aliuliza: "Maji yanaonekana safi kabisa. Nitajuaje kama yameingiwa na uchafu?"
Mama, macho hayatoshi. Vijidudu havionekani. Lakini kuna dalili za kukutia shaka: maji ya kwanza ya asubuhi yana rangi au harufu ya tope, na harufu ndogo ya klorini uliyoizoea haipo. Ukiona hivyo, chemsha, na utoe taarifa.

Kijana aliuliza: "Naweza kukata ndala niweke badala ya washa?"
Wapo wanaofanya hivyo. Kipande cha ndala kinabonyea haraka na koki inarudi kudondosha. Kikusaidie siku mbili ukisubiri washa wa kweli, si zaidi.

"Na bomba likipasuka usiku?"
Funga valvu kama unajua ilipo na umeruhusiwa. Kama hujui, mwamshe mtunza bomba. Ni vizuri kila nyumba zilizo karibu na bomba zijue valvu iko wapi na nani ana ufunguo, kabla usiku huo haujafika.

MTU AKIANZA KUHARISHA

Akiharisha maji mengi mfululizo, hasa kama maji ya mchele, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na njiani aendelee kunywa. Kama hakuna pakiti ya ORS, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu, koroga vizuri. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kituoni, mweleze mhudumu unachota maji bomba lipi. Jibu hilo moja linaweza kuwaokoa majirani zako.

KUMBUKA

- Kiungo kinachovuja kinaweza kuvuta uchafu maji yanapofungwa.
- Ondoa dimbwi leo, hata kama fundi atakuja kesho.
- Pima kwa kikombe, toa taarifa yenye hesabu.
- Kitambaa na mfuko si dawa. Mpira wa baiskeli ni huduma ya kwanza tu.
- Spana mbili, uzi safi, tepi kufuata mwendo wa saa, usirudishe nyuma.
- Maji ya kwanza baada ya matengenezo hayanywewi.

Ukimaliza kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma, kisha nendeni pamoja mkatazame bomba lenu mkiwa na kitambaa kikavu na kikombe cha nusu lita.